Picha ya Kiganjani: Kuzielewa Plaketi za Shaba za Zama za Renesansi

Mtu anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza kipande cha shaba kisichozidi kiganja, kilichobeba picha ya mwanamume mwenye misuli akimwinua mwenzake juu ya ardhi, kwa kawaida huuliza mambo matatu: kama hiyo ni sarafu, kama ni kazi ya Warumi wa kale, na kama hao walio uchi ni miungu iliyoabudiwa na wenye kukimiliki kipande hicho. Jibu la maswali yote matatu ni hapana, ila kila hapana ina maelezo yake, na kwa kuwa maelezo hayo hutolewa nusunusu, picha za vipande hivi huzunguka mitandaoni zikiitwa sarafu za kale au hirizi za Kirumi.

Habari za shaba za Benin nazo zimeongeza mkanganyiko. Mwaka 2022, Ujerumani ilipoirudishia Nigeria baadhi ya shaba zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897, wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba katika karne ya 16 kulikuwa na vibao vya shaba vyenye picha zilizotokeza, na ni rahisi kudhani kwamba kila kibao cha namna hiyo kilichomo katika makumbusho ya Ulaya kina asili hiyo moja. Vibao vya Benin vilitengenezwa na mafundi wa Oba, yaani mfalme wa Benin, kwa ajili ya kasri lake, vingi vina kimo cha karibu nusu mita, na vinasimulia mambo ya ufalme huo. Ninavyotaka kuvieleza hapa ni vitu vingine kabisa: vidogo, vya Italia na Ujerumani, na vingi kati yake vinasimulia visasili vya Wagiriki na Warumi.

Tuanze na majina. Kitu chenyewe huitwa plaketi, neno la Kifaransa lililozoeleka kwa wakusanyaji wa karne ya 19 na kukaa imara baada ya Émile Molinier, mtaalamu wa sanaa wa Ufaransa, kuchapisha orodha yake kubwa ya vitu hivi mwaka 1886. Plaketi ni kibao kidogo cha metali chenye picha upande mmoja, na picha hiyo imetokeza juu ya uso wa kibao badala ya kuchorwa kwa rangi. Msomaji anayetaka kuuhisi mtokezo huo apapase kwa kidole gumba kichwa cha Mwalimu Nyerere kwenye sarafu ya shilingi 100 ya Tanzania. Pale kidole kinapopanda kutoka uwandani mwa sarafu kuelekea shavuni ndipo sanaa hii inapofanyika. Fundi wa plaketi alikuwa na kina cha milimita chache tu, na ndani ya kina hicho alipaswa kuonyesha mkono ulio mbele, mkono ulio nyuma, mti ulio nyuma ya mikono yote miwili, na pengine wingu juu ya mti.

Renesansi ni zama za mwamko wa elimu na sanaa barani Ulaya. Kwa habari yetu hapa zinaanzia katikati ya karne ya 15 na kufika mwishoni mwa karne ya 16. Neno shaba nalo linahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili hulitumia kwa metali tatu: shaba nyekundu ya nyaya za umeme, shaba ya manjano ya sinia na vinara, na ile ya medali ya mshindi wa tatu, yaani bronzi. Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na ile ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mafundi wa wakati huo hawakuitenga michanganyiko hiyo kwa ukali kama maabara za leo, kwa hiyo plaketi nyingi zinazoandikwa bronzi kwenye vibandiko vya makumbusho zina zinki na risasi ndani yake. Hapa nitasema shaba, na msomaji aelewe kuwa ninazungumzia familia nzima.

Tofauti kati ya plaketi na sarafu sasa inaeleweka kwa urahisi. Sarafu iligongwa: kipande cha metali kiliwekwa kati ya chapa mbili za chuma na kupigwa nyundo, kikatoka na sura pande zote mbili, na mamlaka ya nchi yakakipa thamani. Plaketi haikugongwa bali ilimiminwa ikiwa uji wa moto, haikuwa na thamani ya kisheria, na mgongo wake kwa kawaida ni mtupu. Tofauti yake na medali ni finyu zaidi, kwa sababu medali za Italia nazo zilimiminwa. Mwaka 1438 au 1439 mchoraji Pisanello wa Italia alitengeneza medali ya John wa Nane, Kaizari wa Konstantinopoli, yenye uso wa kaizari upande mmoja na yeye huyohuyo akiwa juu ya farasi upande wa pili. Medali hiyo ndiyo iliyoanzisha mtindo. Medali humtangaza mtu fulani kwa jina lake. Plaketi husimulia kisa, na mara nyingi haina hata herufi moja.

Chanzo cha vitu hivi ni vito vya kale. Wagiriki na Warumi walikuwa wakichonga picha ndogo sana juu ya mawe kama akiki, nyingi zikiwa za kuzama ndani ya jiwe, ili jiwe hilo ligandamizwe kwenye nta au udongo na kuacha alama ya mwenyewe. Mambo ni yaleyale ya muhuri wa ofisi: ukiutazama kwenye raba, herufi zimegeuka, lakini ukiugonga karatasini zinasomeka. Kito cha kuzama kikigandamizwa kwenye nta hutoa picha iliyotokeza na iliyogeuzwa, kulia ikawa kushoto, na jambo hili naomba msomaji alihifadhi kwa sababu tutalihitaji mwishoni.

Katika karne ya 15 vito hivyo vilitafutwa na matajiri wa Italia kwa hamu kubwa. Kardinali Pietro Barbo, aliyechaguliwa kuwa Papa Paulo wa Pili mwaka 1464, alikuwa na mkusanyiko ulioorodheshwa tangu mwaka 1457, na baada ya kifo chake mwaka 1471 baadhi ya vito vyake vilifika mikononi mwa Lorenzo de' Medici wa Florence. Kito ni kimoja, na mwenye nacho haachi kila mtu akishike. Lakini nta iliyogandamizwa juu yake inaweza kutolewa bure, na kutokana na nta hiyo kibao cha shaba kinaweza kumiminwa, kisha kingine, kisha cha kumi. Plaketi nyingi za mwanzo ni hivyo tu: nakala za shaba za vito ambavyo wanunuzi wake wasingeweza kuvimiliki maishani. Baadaye kidogo masonara na wachongaji walianza kubuni picha zao wenyewe kwa umbo hilohilo, na hapo plaketi ikawa sanaa inayojitegemea.

Namna ya kuitengeneza inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa maana ndimo ulimo mzizi wa swali linalosumbua wengi kuliko yote, swali la asili na bandia. Fundi alifinyanga picha yake kwa nta juu ya kipande cha jiwe bapa au ubao. Mfano huo aliuzungushia udongo laini ulioshika kila mkunjo wa nguo na kila unywele. Udongo ulipokauka uliwekwa motoni, nta ikayeyuka na kutoka kupitia mfereji mdogo, ikaacha uwazi wenye umbo lake kamili, na katika uwazi huo ikamiminwa shaba iliyoyeyuka. Kalibu ya udongo ilivunjwa, kibao kikatoka kikiwa na mikia ya metali iliyogandia mferejini, na fundi akaikata, akalainisha kingo kwa tupa, akaichokoa macho na nywele kwa patasi ndogo, kisha akaipaka rangi ya kahawia au nyeusi, au akaipamba kwa dhahabu.

Kwa njia hiyo mfano wa nta hupotea kila mara, na hakuna fundi aliyetaka kufinyanga upya kila siku. Kwa hiyo alihifadhi kalibu ya plasta au mfano wa metali wa kutolea nta mpya, na wengine wakatumia mchanga laini uliogandamizwa ndani ya fremu. Yeyote aliyenunua kibao kimoja naye aliweza kukigandamiza, akatengeneza kalibu yake, akamimina vingine mia, bila kumwomba mtu ruhusa. Hakukuwa na sheria ya hakimiliki iliyomzuia, wala fundi wa kwanza hakuwa na sababu kubwa ya kushangaa.

Hapa ndipo mfano wa fotokopi unapotusaidia. Kila aliyewahi kupeleka nakala ya cheti ikatolewe nakala anajua kwamba herufi huanza kuvimba, mhuri hugeuka doa, na kivuli cha kingo huongezeka kadiri nakala inavyozaa nakala. Shaba nayo hufifia kwa namna hiyo, ila inaongeza jambo moja ambalo karatasi haina: husinyaa inapopoa, kwa kiasi cha kati ya asilimia moja na mbili. Kibao chenye kimo cha milimita 70 kikitumiwa kama mfano, mtoto wake atakuwa na takriban milimita 69, na mjukuu 68. Ndiyo maana wataalamu wa plaketi hushika kipimio kabla ya kushika kioo cha kukuzia. Vibao viwili vya picha moja vikiwekwa sambamba, kikubwa na chenye ncha kali kwa kawaida kiko karibu zaidi na mkono wa fundi wa kwanza.

Je, kile kidogo ni bandia? Nadhani neno hilo linatumiwa kwa haraka mno. Kibao cha mwaka 1520 kilichomiminwa kutokana na kibao cha mwaka 1500 ni kitu halali cha Renesansi, kilichofanya kazi ileile iliyokusudiwa. Kibao kilichomiminwa katika karne ya 19 ili kumuuzia mtalii kwa madai kwamba ni cha mwaka 1500, hicho ndicho bandia, na ubandia wake uko katika madai. Rangi ya kahawia iliyokolea haisaidii kutofautisha, kwa sababu tangu mwanzo ilipakwa na fundi, na inaweza kupakwa hata leo asubuhi. Swali lenye tija si lile la kutafuta kibao kimoja cha kweli na kuvitupa vingine, bali ni kuuliza kibao hiki kimetoka katika kizazi gani cha kalibu, na kilitumika wapi.

Kuhusu matumizi, mgongo wa plaketi na tundu zake husema mengi kuliko uso. Tundu moja juu huonyesha kwamba ilitundikwa ukutani au ilivaliwa. Tundu nne pembeni huonyesha kwamba ilipigiliwa misumari kwenye kisanduku. Nyingine zilipachikwa kwenye vidau vya wino na taa za mafuta za wasomi, hasa Padua, mji wa chuo kikuu cha tangu mwaka 1222, ambako Andrea Briosco aliyeitwa Riccio alifanya kazi zake za shaba hadi kifo chake mwaka 1532. Nyingine zilikuwa beji za kofia za wanaume. Fundi mmoja anayejulikana hadi leo kwa herufi zake tu, IO.F.F., alibuni vibao vyenye umbo la ngao vilivyofaa kuwekwa kwenye ncha ya mpini wa upanga, kikiwamo kimoja cha hukumu ya Paris, yule kijana aliyepaswa kuamua ni mungu mke gani mzuri kuliko wenzake. Huko Nuremberg, Peter Flötner, aliyefariki mwaka 1546, alitoa plaketi zake kwa risasi, metali laini na rahisi, kwa sababu wateja wake wakubwa walikuwa masonara waliozihitaji kama vielelezo vya kunakili kwenye vikombe na masinia ya fedha.

Majalada ya vitabu yana kisa kinachostahili kusimuliwa. Kuna vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi huko Roma miaka ya 1540, vyenye picha iliyotokeza ya Apollo, mmoja wa miungu ya Wagiriki wa kale, akiendesha gari lake la farasi kuelekea mlimani ambako amesimama Pegasus, farasi mwenye mabawa. Kwa muda mrefu vilisemwa kuwa mali ya tabibu Demetrio Canevari wa Genoa, na vikauzwa kwa bei kubwa kwa jina lake, ingawa tabibu huyo alizaliwa mwaka 1559, zaidi ya miaka kumi baada ya majalada hayo kutengenezwa. Ni mwaka 1975 tu ambapo mtafiti Anthony Hobson alionyesha kwamba mwenye vitabu alikuwa kijana mwingine wa Genoa, Giovanni Battista Grimaldi. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi maelezo yaliyorudiwa mara nyingi yanavyoweza kuendelea kuaminiwa hata pale ambapo hesabu ndogo ya kutoa ingetosha kuyapinga.

Sasa tuje kwenye swali la miungu. Italia ya wakati huo ilikuwa nchi ya Wakristo, na wanunuzi wa plaketi walikwenda misani kama majirani zao. Wengine walikuwa makardinali. Kwao Apollo na Hercules, shujaa mwenye nguvu nyingi, walikuwa wahusika wa visasili, kama vile mtoto wa leo anavyomjua Sungura na Fisi bila kuwaombea wala kuwaogopa. Kisa cha Antaeus kinaonyesha vizuri walichokitafuta. Antaeus alikuwa jitu la Libya, mwana wa Ardhi, aliyewalazimisha wapita njia wapigane naye mweleka. Kila alipoangushwa alipata nguvu mpya, kwa maana aliyemwangukia alikuwa mama yake. Hercules aligundua siri hiyo, akamwinua hewani na kumbana mbavu hadi akakata roho. Galeazzo Mondella, sonara wa Verona aliyezaliwa mwaka 1467 na kutia saini kwa jina la Moderno, alikiweka kisa hicho kwenye kibao, sambamba na vingine vya Hercules na simba. Katika kibao cha Antaeus yapo mawazo mawili kwa wakati mmoja: miili miwili iliyosokotana ambayo ni mtihani mgumu kwa mchongaji yeyote, na fundisho ambalo wasomi walipenda kulitoa, kwamba mtu hushinda tamaa za dunia kwa kuziinua mbali na ardhi inayozilisha. Moderno huyohuyo alitengeneza plaketi za Yesu akichapwa mijeledi na za Bikira Maria akiwa na mwanawe, na vibao vya aina hiyo viliwekwa kwenye vifaa vilivyobusiwa na waumini wakati wa kupeana amani misani.

Anayebaki na shaka na aitazame milango ya shaba ya Basilika la Mtakatifu Petro huko Roma, iliyokamilishwa na mchongaji Filarete mwaka 1445 kwa amri ya Papa. Katikati wamesimama Kristo, Maria, Petro na Paulo, na pembezoni, katikati ya majani yaliyojisokota, fundi amepachika visa vidogo vidogo kutoka kwa mshairi wa Kirumi Ovid. Papa aliupokea mlango huo, na upo mpaka leo.

Njia ambayo picha ilisafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine inaonekana wazi zaidi katika kisa cha Phaethon, kijana aliyeomba kuendesha gari la baba yake, Jua, likamshinda nguvu, na Zeus, mkuu wa miungu, akamwangusha kwa radi. Mwaka 1533 Michelangelo alikichora kisa hicho kwa ajili ya rafiki yake kijana, Tommaso de' Cavalieri. Michoro mitatu ingalipo, Windsor, London na Venice. Kardinali Ippolito de' Medici aliitamani, na mchongaji Giovanni Bernardi akaihamishia kwenye kipande cha bilauri, yaani jiwe angavu kama kioo. Kutokana na bilauri hiyo zikatolewa plaketi za shaba. Mchoro uliokusudiwa macho ya mtu mmoja ukafika kwenye meza za watu ambao hawakuwahi kumwona Michelangelo wala Cavalieri, katika zama ambazo picha haikuwa na njia nyingine nyingi za kusafiri isipokuwa karatasi zilizochapwa.

Nimebakiza kito kimoja. Ni akiki nyekundu yenye kimo cha takriban sentimita nne, iliyopo leo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Naples. Imechongwa Apollo akiwa amesimama na kinubi chake, na mbele yake Marsyas, satiri, yaani kiumbe wa visasili aliye nusu mtu nusu mnyama, aliyethubutu kushindana naye kwa zumari, akiwa amefungwa kwenye mti akingoja kuchunwa ngozi, na mwanafunzi wake amepiga magoti akimwombea. Sonara Lorenzo Ghiberti wa Florence aliitengenezea fremu ya dhahabu yapata mwaka 1428, na ameandika mwenyewe kwamba ilikuwa kubwa kama jozi lenye ganda. Iliaminika kuwa muhuri wa Kaizari Nero, na jina la Nero likaandikwa kuizunguka, hivyo plaketi nyingi zilizotolewa kutokana nayo zimebeba jina hilo pembeni. Wataalamu sasa huiweka kwenye zama za Augusto, kaizari wa kwanza wa Roma, kabla Nero hajazaliwa. Maandishi ni ya karne ya 15, kwa hiyo anayeshika plaketi hiyo na kusoma jina la Nero asidhani ameshika kitu cha Nero.

Huko Frankfurt, katika makumbusho ya Städel, kuna picha iliyochorwa na Botticelli, mchoraji wa Florence, ya mwanamke kijana mwenye nywele zilizosukwa na kupambwa kwa lulu. Shingoni amevaa kidani, na kwenye kidani hicho wapo Apollo, Marsyas na mwanafunzi aliyepiga magoti. Ukiilinganisha picha hiyo na akiki ya Naples, utaona kwamba wamegeuzwa: aliyekuwa kulia yuko kushoto, na aliyekuwa kushoto yuko kulia, sawasawa na wanavyoonekana kwenye plaketi za shaba.